Mayai Yanayongoja Maji

Kazini walimwita Mama Mayai, na wageni waliolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza walidhani anafuga kuku. Hakuwahi kufuga kuku. Alifuga mbu, au tuseme alitunza mayai ya mbu, katika chumba kimoja chenye joto na unyevunyevu nyuma ya kituo cha utafiti. Chumba chenyewe kilikuwa na milango miwili inayofuatana, pazia la neti katikati, na ilani ukutani inayokataza kufungua mlango wa pili kabla ya kufunga wa kwanza. Aliingia humo nywele zake zikiwa nyeusi zote. Mkasa huu ulipomkuta, zilikuwa zimeshachanganyika na mvi.

Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Akifunga mlango wa nyumba, anarudi kuusukuma. Akizima jiko, anarudi kuligusa kwa kidole. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, alikuwa akimtania kwamba hata siku akizikwa atainuka kwanza aangalie kama wamemfukia vizuri. Mama Mayai alicheka kama wengine, lakini alijua kazi yake ilimtaka mtu wa namna hiyo hiyo. Mzembe asingedumu katika chumba kile hata mwezi.

Kulikuwa na aina tatu za mbu mle ndani, na kila aina ilikuwa na mayai yenye akili zake. Mbu wa malaria hutaga yai moja moja juu ya maji yaliyotulia. Yai lake lina umbo la mtumbwi, na kila ubavu una mfuko mwembamba wa hewa wenye mikunjo, ndio unaoliweka juu lisizame. Siku ya kwanza alipoliona kwenye hadubini alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba ameona marinda yaliyoshonwa vizuri kuliko yake. Mbu wa mitaro yeye huyasimamisha mayai yake wima, yakashikana kwa mamia yakawa chelezo. Chini ya kila yai pana kikombe kidogo kinachoshika maji, na sehemu ya juu ya ganda inayakataa maji kabisa. Ukikizamisha chelezo kwa ncha ya kidole, kinaibuka kavu kama hakikuguswa.

Wa tatu ndiye aliyempenda na kumwogopa zaidi, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta homa ya kuvunja mifupa. Huyu hatagi majini. Hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na kila yai huligandisha hapo kwa gundi yake. Yai linatoka jeupe na laini. Muda si mrefu limekuwa jeusi tititi, gumu, limefyonza unyevu na kunenepa. Kisha, chini ya ganda la nje, hutandazwa utando mwingine, na utando huo ukishakamilika hewa kidogo inapita lakini maji yaliyomo hayatoki tena. Ukilikausha yai kabla ya hapo, linanywea kama puto lililotobolewa. Ukilisubiri, ndipo ukalikausha taratibu, litakaa kavu miezi na miezi, na ndani yake kiluwiluwi kimeshakamilika, kimejikunja, kinangoja maji tu.

Kujua saa ya kukausha ndio uliokuwa ufundi wa Mama Mayai. Aliwawekea mbu vikombe vilivyozungushiwa karatasi nyeupe ya kuchujia, wakataga juu yake, naye akaziacha karatasi na unyevu wake mpaka ule utando wa ndani ukamilike. Halafu alizikata vipande virefu, akavianika, akavitia kila kimoja kwenye kifuko cha nailoni, na kuvipanga kwenye makopo yenye vifuniko. Ukiangalia kwa macho matupu, kila kipande kilikuwa kama karatasi iliyonyunyiziwa mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa.

Mayai ya kopo moja yalikuwa na hadithi yake. Yalikuwa ya mbu sugu, waliotoka mbali sana, ambao dawa ya kawaida ya kupuliza haiwafanyi kitu. Kituo kiliwatunza ili kijaribie dawa mpya. Mkuu wa maabara, mwanamke mrefu mpole ambaye wote walimwita Dokta, alikuwa na maneno yale yale kwa kila mfanyakazi mpya: "Hawa wakitoka nje, sisi ndio tutakuwa tumewapelekea watu ugonjwa milangoni."

Siku ya Ijumaa moja Mama Mayai alikuwa akipanga vipande vya kopo hilo pale simu ilipotetemeka mfukoni mwa koti lake jeupe. Alikuwa mumewe, na sauti yake haikuwa yake.

"Mama ameanguka bafuni. Haongei vizuri. Njoo."

Kipande cha mwisho kilikuwa mkononi, ndani ya kifuko chake. Alikitia mfukoni ili ashike simu kwa mikono miwili, akafunga kopo, akafunga mlango wa kwanza, akafunga wa pili, akarudi kuusukuma. Kifuko hakikumjia akilini. Koti alilivua akiwa tayari anakimbia, akalisokomeza kwenye mkoba.

Mama mkwe alikuwa amepata michubuko na nundu kwenye paji la uso, basi. Alikuwa haongei vizuri kwa sababu meno ya bandia yalikuwa yametoka alipoanguka na hakuna aliyekumbuka kumrudishia. Alipoyapata alianza kumlaumu mwanawe kwa kumwita mtu kazini kwa jambo la kijinga. Mama Mayai alikaa kitandani kwake, akamkanda kwa maji ya moto, akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana njiani alikuwa ameshamzika na kumlilia.

Alhamisi iliyofuata Dokta alitaka vipande vya mbu sugu kwa jaribio jipya. Mama Mayai alifungua kopo, akahesabu, akahesabu tena. Kimoja hakipo.

Mwanzoni hakuogopa. Alidhani kimenasa kwenye kifuniko. Akatazama chini ya meza, ndani ya makopo mengine, kwenye pipa la taka, nyuma ya jokofu. Ndipo mkono wake, bila kuambiwa, ukashuka mfukoni mwa koti, koti ambalo Jumatatu alikuja nalo kutoka nyumbani limefuliwa na kupigwa pasi. Mfuko ulikuwa mtupu. Akakumbuka simu. Akakumbuka mkoba. Akakaa kwenye kigoda.

Hakusema kitu. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa lile la kwanza, lakini wakati ule ulimi ulikuwa mzito. Alimwomba Dokta ruhusa, akasema mgonjwa wake wa nyumbani hajisikii vizuri, na njia nzima akawa anapiga hesabu kichwani. Yai likikaa kavu, halina neno. Likilowa, kiluwiluwi kinapasua ganda kwa jino lake la utosini, kifuniko kinafunguka, kinatoka. Kwa joto hili, siku tano au sita, mbu wa kwanza wanaruka. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Aliendelea kuzihesabu siku kana kwamba akizihesabu vizuri zitapungua.

Alimkuta mama mkwe uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya makopo yake ya kupandia mboga, nundu imeshageuka rangi ya zambarau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Hapana mama. Nauliza tu. Ile siku uliyoanguka, kwenye mkoba wangu kulikuwa na kifuko cha nailoni. Kina karatasi."

"Zile mbegu?"

Mama Mayai akashika ukuta. "Mbegu gani, mama?"

"Za mchicha. Nilikuwa natafuta dawa yako ya maumivu, nikaziona. Nikajisemea, mkwe wangu anazo mbegu nzuri hivi na hataki kusema. Nikaziloweka usiku kucha ili ziote haraka." Bibi alikunja uso. "Lakini mbegu zako mbovu, mwanangu. Asubuhi zimeota mikia. Zinacheza majini kama zina wazimu."

"Maji yale uliyapeleka wapi?"

"Maji hayatupwi siku hizi. Nikamimina kwenye pipa la kumwagilia."

Pipa lilikuwa nyuma ya bafu, pipa la bluu ambalo Mama Mayai mwenyewe alilitengenezea kifuniko na kuwasumbua wote nyumbani walifunge. Lilikuwa limefungwa. Alikiinua kifuniko upande mmoja, kidogo tu, akachungulia. Viluwiluwi vilijaa, vinapanda na kushuka. Vingine vilikuwa vimeshageuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya mbu, vimejikunja kama alama ya koma, na pupa hakai hivyo zaidi ya siku mbili tatu. Kisha akaona, karibu na ukingo, vitu viwili vyepesi, vyeupe, vinaelea. Yalikuwa magamba matupu. Mbu wawili walikuwa wameshatoka, na mama mkwe alikuwa akilifungua pipa kila asubuhi kumwagilia.

Alifunga kifuniko akakilalia kwa kifua. "Baba!" alimwita mumewe kwa sauti ambayo fundi hakuwa ameisikia tangu watoto wao wakiwa wadogo. "Lete neti! Lete chochote chenye matundu madogo!"

Fundi alitoka na kitambaa chepesi cheupe mkononi, sindano ingali imechomekwa. "Hii ni shela ya bibi harusi. Anakuja kuichukua mwezi ujao."

"Nipe."

Alimtazama mkewe usoni, akampa. Wakalifunika pipa kwa shela, wakaifunga kwa kamba pande zote, kisha Mama Mayai akainua pembe moja na kumimina maji mazito ya sabuni. Sabuni ikitanda juu ya maji, kiluwiluwi hakiwezi kushikilia bomba lake la kupumulia, kinazama. Alisimama pale akiviangalia vinavyotulia kimoja kimoja. Mabega ya mkewe yaliposhuka, fundi aliuliza.

"Ni wale sugu?"

"Ndio."

"Dokta anajua?"

"Bado."

Hapo ndipo alipomsimulia, wamesimama katikati ya harufu ya sabuni. Mama mkwe, aliyekuwa amejikokota mpaka kwenye kona ya bafu, alisikiliza yote kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa kawaida yake, "Karatasi yenyewe nimeianika dirishani. Ila nusu tu. Nusu nilimpa msusi ikiwa kavu."

Msusi alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mama wa mtoto mchanga, aliyesukia wateja barazani kwake. Mama Mayai alimkuta ameshika kichwa cha mteja, mtoto amelala kwenye mkeka pembeni, miguu wazi. Mama Mayai alishindwa kuiondolea macho miguu ile.

"Karibu dada. Leo unasuka?"

"Sisuki, mdogo wangu. Mama alikupa karatasi ya mbegu."

"Ahaa!" Msusi akacheka. "Umekuja kuninyang'anya mchicha! Jamani, uchoyo huu hata wa mbegu?"

"Ziko wapi? Umezilowesha?"

"Niziloweshe na nini, maji yenyewe ya mgao? Nimeziweka juu ya kabati, nangoja mvua." Kisha akaona uso wa mwenzake, mikono yake ikasimama kwenye nywele. "Kuna nini?"

Mama Mayai angeweza kusema zina sumu, akazichukua akaondoka. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu. Akamtazama mtoto. "Si mbegu," alisema. "Ni mayai ya mbu. Yametoka kazini kwangu kwa kosa langu. Mengine yameanguliwa nyumbani, na wawili wameruka."

Mteja alikuwa wa kwanza kusimama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Msusi alimnyakua mtoto mkekani, akaingia ndani, akatoka na kifuko amekishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Hakumpa mkononi, alikitupa kizingitini.

"Wewe unayetukataza kuacha ndoo wazi," alisema. "Wewe."

Mama Mayai aliinama akaokota.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Dokta kabla ya mlinzi kumaliza kufagia, na mkoba wake umejaa vifuko vilivyofungwa mara mbili mbili: nusu mbili za karatasi, chupa ya viluwiluwi vilivyokufa, na kichupa chenye magamba mawili. Alisema yote bila kuketi. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini yalitoka ovyo ovyo, mwisho kabla ya mwanzo, na alirudia mara kadhaa habari ya meno ya bandia kana kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa na maana.

Dokta hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivaa glovu, akawasha taa ya hadubini, akaiweka chini yake nusu ya karatasi iliyotoka kwa msusi.

"Angalia mwenyewe," alisema baada ya kitambo. "Macho yako ni mazuri kuliko yangu kwa hili."

Mama Mayai aliinama. Akayaona maganda meusi aliyoyajua kama vidole vyake, yenye vinundu vidogo vilivyozungukwa na wavu mwembamba, kila yai limekaa kwenye gundi yake. Alilisogelea moja baada ya jingine. Yote yalikuwa mazima, hakuna lililonywea, hakuna lililofunguka. Hayakuwa yameonja maji.

"Haya hayajaanguliwa," alisema.

Nusu ya nyumbani ilikuwa habari nyingine. Mengi yalikuwa wazi, ncha moja imebanduka kama kifuniko cha bati, ndani hamna kitu. Lakini katikati yake kulikuwa na mengine mazima, yamebaki vile vile. Hilo nalo lilikuwa tabia yao: hayaanguliwi yote kwa maji ya kwanza. Mengine hukataa, yakasubiri ya pili au ya tatu, ili ukame ukirudi ghafla usiumalize uzao wote. Mama mkwe angeiloweka tena karatasi ile kwa mara nyingine, kama alivyokusudia, wangetoka wengine.

Walihesabu maganda yaliyofunguka, wakahesabu maiti za chupani. Hesabu hazikulingana sawasawa, lakini tofauti ilikuwa ndogo, na viluwiluwi vidogo vilivyokufa mapema huoza. Kisha Dokta akayageuza yale magamba mawili ya pupa chini ya kioo, akayatazama mkiani kwa muda mrefu sana. Mama Mayai alisikia saa ya ukutani.

"Madume," Dokta alisema. "Yote mawili."

Madume hutangulia kutoka. Hawaumi, hawatagi. Mama Mayai alitaka kushukuru, lakini Dokta alikuwa amevua miwani na hakuwa akitabasamu.

"Wanaweza kupanda majike wa mtaani," alisema. "Usugu unarithiwa. Kwa hiyo hatujui." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa chumba. Siyo kwamba nakuchukia. Lazima niwaarifu wakubwa, na lazima niwaambie ufunguo ninao mimi."

Alimpa. Kishikio cha ufunguo ule kilikuwa cha uzi mwekundu, alikisuka mwenyewe. Akatoka nje akakaa kwenye benchi la mlinzi, na mlinzi akamsogezea nafasi.

Kituo kiliwaita watu wa mtaa kwenye uwanja wa shule. Dokta alitaka kueleza yeye, kitaalamu, lakini Mama Mayai aliomba asimame kwanza. Fundi alimsindikiza mpaka mbele, akabaki karibu naye na futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, alisahau kuivua. Mama Mayai alieleza kilichotokea. Watu walinung'unika. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kubwa kama kodi zao ndizo zinazofuga mbu. Kijana mwingine akataka kujua kama akiumwa leo atalipwa. Hakuna aliyempigia makofi na hakuna aliyemrushia jiwe. Walipotawanyika wengi walikwenda moja kwa moja kumwaga ndoo zao na kusugua kuta za mapipa kwa brashi, kama alivyowaonyesha, maana kumwaga peke yake hakutoshi, mayai yanabaki yamegandamia pale pale.

Baada ya hapo ikaja kazi ya mitego. Yalikuwa makopo meusi yenye maji kidogo na kitambaa kimezungushiwa ndani, yakawekwa kwenye nyua za watu, kwenye vivuli ambako jike hupenda kutaga. Kila baada ya siku chache vitambaa vilikusanywa, mayai yakaanguliwa kituoni, mbu wakalelewa mpaka wakomae, kisha wakawekwa kwenye mirija yenye karatasi za dawa. Wa kawaida wangekufa. Waliorithi usugu wangesimama.

Mama Mayai aliruhusiwa kukusanya vitambaa lakini si kuingia chumbani. Alipita nyumba kwa nyumba, akipokea salamu za baridi. Msusi alimfungulia lango na kumwachia, akaingia ndani. Mtoto wake alipopata joto siku moja, Mama Mayai alisikia habari hiyo gengeni akahisi kama mtu amemmwagia maji mgongoni. Alikwenda na kurudi mbele ya lango lile, asithubutu kubisha, mpaka mumewe alipokwenda kuuliza kwa niaba yake. Lilikuwa jino linaota. Hata hivyo hakula siku hiyo wala iliyofuata. Mama mkwe alimbembeleza kwa uji, akimwambia, "Kula mwanangu, mimi ndiye mkulima wa mbu, wewe umesingiziwa tu," na kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze Mama Mayai akacheka kidogo, kisha akalia.

Siku ya kundi la kwanza la mbu kujaribiwa alikaa kwenye benchi la korido. Muda wa kuwaacha kwenye dawa ulipokwisha, Dokta alifungua mlango, na Mama Mayai alijua kwa uso wake kabla hajasemeshwa.

"Wangapi?"

"Wengi wameanguka. Watatu bado wamesimama."

"Watatu."

"Usihukumu leo. Unajua utaratibu. Tunawapa maji ya sukari, tunaangalia kesho."

Aliujua, na aliwahi kuwafundisha wengine utaratibu huo huo: mbu anaweza kuisimamia dawa saa moja kisha ikamwangusha baadaye. Lakini kujua hakukumsaidia. Alirudi nyumbani akakuta mumewe anashona shela mpya badala ya ile iliyoharibika, akakaa karibu naye kumshikia kitambaa kisiburuzike. Waliendelea hivyo hadi mwanga ukapungua, cherehani inalia, yeye anashika. Mara mbili fundi alisimamisha gurudumu akamtazama, na mara mbili akaendelea.

Kesho yake Dokta hakumwacha hata afike kwenye benchi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa korido na mrija mkononi. Mbu wote walikuwa chini, miguu juu, pamoja na wale watatu. Mama Mayai aliuchukua mrija akaugonga kwa kucha, taratibu. Hakuna aliyetikisika. Akaugonga tena, kwa tabia tu.

Makundi yaliyofuata yalikufa pia, moja baada ya jingine. Mvua zilipoanza, mitego iliwekwa upya, na mbu waliotokana na mvua zile wakafa vile vile. Dokta aliandika kwa wakubwa kwamba hakuna dalili ya usugu uliosambaa. Sheria zilibadilika chumbani: simu zinabaki nje, makoti hayatoki, na hakuna anayeshika mayai ya mbu sugu akiwa peke yake. Msusi alirudisha salamu, kwanza nusu, halafu, siku moja, salamu nzima.

Dokta alipomrudishia ufunguo, Mama Mayai aliuangalia uzi wake mwekundu, kisha akausukuma tena mezani.

"Naomba unipeleke kwa wale wanaopima maji kijitoni," alisema.

"Unaogopa?"

"Ndio, Dokta. Naogopa. Mikono yangu bado inatetemeka nikifika kwenye mlango wa pili. Mtu anayetetemeka asishike vile vipande."

Dokta alibishana naye kidogo, kisha akakubali. Siku hizi Mama Mayai huvaa mabuti ya mpira na kwenda kwenye kijito nje ya mji pamoja na wenzake wawili, kuangalia wadudu wanaoonyesha kama maji ni safi. Huko maji yanakwenda kasi, na mayai yanayoelea yangechukuliwa yote. Kwa hiyo kuna wadudu ambao mayai yao yana nyuzi zilizojiviringisha. Zikigusa maji zinafunguka, vifundo vyake vinanasa kwenye jiwe, na yai linatulia. Kuna wengine wanaoyafunika mayai kwa utelezi unaovimba majini na kugandamia chini ya mawe. Yeye huyageuza mawe hayo kwa uangalifu, anaangalia kwa kioo cha mkono, anamwambia mwenzake cha kuandika, kisha anarudisha kila jiwe mahali pake, upande ule ule uliokuwa chini.

Wasiwasi haukumtoka, wala hakutarajia umtoke. Kabla ya kupanda kurudi njiani hujipapasa mifuko yote ya koti, ya suruali, na ndani ya mabuti. Wenzake wameshazoea, humsubiri. Juzi mmoja wao alimaliza kujikung'uta, akapiga hatua mbili kuelekea njiani, akasimama, akaanza kujipapasa na yeye.